Wakimbiaji Tisa, Jibu Moja

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye mabati ya mtaa wa Gitothua, mjini Ruiru, Waceke alifagia baraza ambamo mama yake, Tabby, alishonea nguo. Alikusanya nyuzi na vipande vya vitambaa, akanywa chai, kisha akavua viatu, akavishika mkononi na kutimua mbio hadi shuleni. Viatu vilikuwa vya darasani; miguu ilikuwa ya kukimbilia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika mita mia nane wasichana wa shule yao walizoea kukiona kisogo chake tu.

Mwaka huo wa 1996, wanariadha tisa wa shule yao walichaguliwa kwenda mashindano ya wilaya mjini Thika. Kamati ya wazazi ikamwagiza Tabby awashonee sare. Alikuwa amezoea marinda ya shule na mapazia. Nguo za michezo hakuwahi kushona. Mwalimu Kilonzo, aliyewafundisha riadha, alimwambia kwamba akifaulu, sare za michezo za shule nzima zitakuwa kazi yake.

Tabby hakukimbilia mkasi. Alimpa Waceke utepe wa kupimia na daftari.

"Wapime wenzako wanane, nami nitakupima wewe. Na kila mmoja umuulize: unataka nguo ya mbio ikufanyie nini? Andika maneno yake, si yako."

"Mama, si kila mtu anataka ile ya kung'aa?"

"Umewauliza?"

"Bado, lakini mimi ni mkimbiaji. Najua."

"Mimi ni fundi miaka kumi na minne, na bado nauliza. Nenda."

Waceke alikwenda, lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa picha aliyoiona kwenye runinga ya dukani kwa Gichuru: wakimbiaji wa mashindano ya kimataifa, nguo zimewabana, zinameremeta kama samaki aliyetoka majini. Moyo wake ulikuwa umeamua.

Uwanjani Muriithi, kijana wa mita mia nne, alinyoosha mikono apimwe. "Niaje, fundi? Nishonee na tai basi."

"Simama wima. Kifua cha kuku na bado unaongea."

Ikhlas, bingwa wao wa mita elfu tatu, alipofikiwa alirekebisha mtandio wake, akasema kwa sauti ya chini, "Waceke, kuhusu hiyo nguo, nilitaka kukuambia jambo."

"Baadaye. Wacha nimalize kupima."

Baadaye hiyo haikufika. Jioni Waceke alikaa kitandani akaandika majibu tisa, yote kutoka kichwani mwake. Inayong'aa. Inayobana. Kaptura fupi. Alibadilisha neno hapa na pale ili yasifanane mno.

Mama yake alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kikasimama. "Hata Ikhlas anataka kaptura fupi?"

Waceke alitazama cherehani. "Ndiyo, mama."

Tabby akaamini. Alinunua nailoni ya samawati inayong'aa, akashona wiki nzima, na Ijumaa sare zikagawiwa.

Jumatatu walizivaa mazoezini, wakameremeta kama vyuma vya baiskeli mpya. Uzuri huo ulidumu mizunguko miwili. Nailoni haikunywa jasho wala haikuruhusu upepo. Iliwang'ang'ania mgongoni kama ngozi ya pili. Tobias, mwenye pumu, alivuta shati mbali na kifua chake na kukaa chini apate kuhema. Muriithi alitoka akitembea miguu mbali mbali, mapaja yamechubuka.

"Hii si nguo," alisema. "Ni karatasi ya mkate. Nimeiva, nipakueni."

Wote walicheka isipokuwa Ikhlas. Alikuwa ameketi kando ya ukuta, bado amevaa sare ya darasani, kaptura na shati vimekunjwa mapajani pake. Waceke alimwendea.

"Mbona hujavaa?"

"Sikimbii mashindano ya Jumamosi." Ikhlas hakuinua macho. "Baba alikubali nikimbie, bora nijisitiri. Nilimwambia kwamba fundi ni mama yako, hatakosa kunifikiria. Alipoifungua hii, akaikunja tena, akasema basi, mbio zimekwisha."

"Alikugombeza?"

"Hapana. Afadhali angenigombeza."

Waceke alirudi nyumbani akitembea. Siku hiyo miguu haikutaka mbio.

Jioni Mwalimu Kilonzo alifika barazani, kofia mkononi. "Mama Waceke, sitakuficha. Kazi hii imetuangusha. Kamati inataka zile sare za shule nzima zipelekwe kwa mafundi wa Thika mjini."

"Nilifuata walivyosema watoto," Tabby alijibu, akimpa daftari. "Soma mwenyewe."

Mwalimu akasoma, akatikisa kichwa. "Basi watoto hawajui wanachotaka. Hata huyu Ikhlas, sikumtarajia."

Waceke alikuwa mlangoni. Aliona shingo ya mama yake ikiinama, shingo ambayo hata kodi ya nyumba haikuwahi kuiinamisha. Angenyamaza, lawama ingewaangukia watu tisa, wenzake wanane na mama yake, na yeye angebaki mkavu. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, lakini aliuinua.

"Si wao. Ni mimi. Sikumuuliza mtu. Nilijiuliza mwenyewe mara tisa."

Tabby aliyafunga macho, akayafungua. Hakupiga kelele.

"Mwalimu, nipe hadi Ijumaa," alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Wewe utakwenda kwa kila mmoja wao. Kwanza utasema ulichofanya. Ukishasema, ndipo uulize."

Hakuna fimbo ambayo ingemchoma Waceke kuliko safari ile. Muriithi alimcheka mpaka akashika tumbo, halafu akasema kwa dhati kwamba anataka kaptura pana, isiyo na mshono mnene katikati ya mapaja. Tobias alitaka kifua kilegee, na mfuko wenye zipu wa kubebea dawa yake ya kuvuta. Idah, mkimbiaji wa kupokezana vijiti, alitaka shati refu lisilopanda akiinua mkono. Waceke aliandika, akastaajabu. Alikuwa amekimbia na watu hawa miaka miwili bila kuwajua.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Ikhlas, karibu na soko la Ruiru. Baba yake, Mzee Muzammil, muuza viatu, alikuja mlangoni. Waceke akasema yote.

"Kwa hiyo si mama yako aliyedhani binti yangu atatoka hivi?"

"Si yeye, baba. Ni mimi."

Mzee akapisha njia. "Ingia. Muulize mwenye mwili."

Ikhlas aliongea hadi ukurasa ukajaa. Mikono mirefu lakini myepesi. Suruali isiyopigapiga miguuni. Kitambaa cha kichwa kilichoshonwa kama kofia, kwa sababu pini hufunguka kabla ya mzunguko wa tatu. "Na rangi iwe ya wenzangu," alimalizia. "Sitaki kuwa mgeni katika timu yangu."

Jumatano Tabby alikwenda Thika, kwenye lango la kiwanda kimoja ambako mabaki ya kitambaa cha fulana huuzwa kwa kilo. Alilowesha kila kipande, akakianika kwenye upepo, akahesabu dakika kikikauka. Kilichoshinda alikifunga mgongoni mwa Waceke na kumkimbiza kuzunguka ploti ya nyumba zao hadi majirani wakauliza kuna nini. Nailoni haikutupwa, ilikatwa ikawa mistari myembamba ubavuni. Alhamisi wakimbiaji walikuja kujaribu, wakaruka, wakainama, wakalegezewa palipobana. Kofia ya kitambaa ya Ikhlas ilifumuliwa mara tatu.

Jumamosi, uwanjani Thika, Waceke alikuwa wa pili. Muriithi alikuwa wa nne, akatangaza kwamba leo angalau anatembea kama binadamu. Kisha ikaja mita elfu tatu. Nyuma ya Waceke mama mmoja aliuliza, "Huyu aliyejifunika hivi ataweza kweli?" Mzunguko wa tano kofia ya Ikhlas haikuwa imesogea hata kidole. Wa sita akawapita wawili. Mzee Muzammil alishika ukingo wa uzio, midomo ikicheza bila sauti. Ikhlas alimaliza wa pili, na wawili wa kwanza walikuwa wanakwenda mkoani.

Mwalimu Kilonzo alimsogelea Tabby. "Kamati nitaisemesha mimi. Sare za shule ni zako."

Tabby alishukuru, kisha akamkalisha Waceke kando yake kwenye nyasi.

"Uongo ulioniambia kwa mdomo ulikuwa neno moja, mwanangu. 'Ndiyo,' basi. Na neno hilo lilitosha kumfungia yule msichana nyumbani. Ukitumwa kumuuliza mtu, usimjibie, hata kama unampenda, hata kama unadhani unamjua. Kazi ya uaminifu huanza kwa kusikiliza. Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya Jumatatu: sema mapema, kukiwa bado kuna siku za kushona upya."