Njia ya Kwenda kwa Ambokile

Huyu ni Tusekile. Ana miaka sita, na anakaa Ilobelo.

Ilobelo ni mji mdogo. Uko kati ya vilima viwili vyenye chai na migomba. Mvua hunyesha karibu kila siku.

Mjini Ilobelo kuna bembea mbili. Ziko nyuma ya zahanati, karibu na nyumba ya kina Tusekile.
Kwii, kwaa. Kwii, kwaa.

Kuna bwawa dogo. Liko chini, bondeni. Bata wanaoga humo.
Chubwi, chubwi.

Kuna uwanja wa mpira. Uko mbali kidogo, ng'ambo ya mto.
Pu, pu, pu.

Karibu na uwanja anakaa Ambokile. Ambokile ni rafiki yake Tusekile. Shuleni wanakaa dawati moja.

Siku za shule Ambokile huja na dada yake, kwa njia ndefu ya barabarani. Jumamosi haji. Dada ana kazi zake.

Kila Jumamosi Tusekile hupanda bembea. Akipaa juu, anauona uwanja. Akipaa juu zaidi, anamwona Ambokile. Fulana yake ni nyekundu.

Tusekile anampungia mkono. Ambokile haoni. Ni mbali.

"Mama," alisema Tusekile, "naomba niende kwa Ambokile."

"Hapana," alisema mama. "Barabarani kuna malori."

Ni kweli. Malori ya chai hupita siku nzima.
Vuuum. Vuuum.

"Malori yakishapita?"

"Yakishapita, kuna shamba la Bibi Subilaga. Hataki watu wapite."

"Na baada ya shamba?"

"Baada ya shamba kuna mto. Na daraja limeoza."

Tusekile alirudi kwenye bembea.
Hapa pazuri. Pale pazuri.
Lakini utapitaje?

Jumatatu moja alikuja mgeni. Jina lake Bi Lugano. Kazi yake ni kupanga miji. Anapanga mahali pa kujenga, mahali pa kupita, na mahali pa kucheza.

Bi Lugano aliitisha mkutano shuleni. Watu walikaa kwenye madawati ya watoto. Magoti yao yaligusa meza.

Tusekile alikwenda na mama. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwachia.

Bi Lugano alibandika karatasi kubwa ubaoni.

"Hapa ni kwenye bembea," alisema. "Tutaongeza bembea nne." Akachora duara jekundu.

"Hili ni bwawa. Tutapanda miti ya kivuli." Akachora duara la buluu.

"Huu ni uwanja. Tutapanda nyasi nzuri." Akachora duara la kijani.

Watu walipiga makofi.
Pa, pa, pa.

Tusekile alitazama karatasi. Aliona duara jekundu. Aliona la buluu. Aliona la kijani. Katikati hapakuwa na kitu.

Akanyoosha mkono.

"Ndiyo, mtoto," alisema Bi Lugano.

"Njia iko wapi?"

Bi Lugano aligeuka, akaitazama karatasi yake.

"Njia haipo," alisema.

"Kwa nini?"

"Niliisahau."

Alichukua penseli. Alichora mstari kutoka kwenye bembea. Mstari ulivuka barabara. Ulipita bwawani. Ulivuka mto, ukafika uwanjani. Ulikuwa mstari mzuri, ulionyooka.

Nyuma kabisa alisimama Bibi Subilaga. Ni bibi mrefu, na ana fimbo.

"Mstari huo umepita juu ya maharage yangu," alisema.

Bi Lugano aliangalia. "Ndiyo, bibi. Umepita."

"Basi haupiti," alisema Bibi Subilaga. Akakaa.

Mwenyekiti wa mtaa alikohoa.

"Karatasi hii inakwenda wilayani Ijumaa," alisema. "Njia ikikosa pa kupita, karatasi itakwenda bila njia."

Bi Lugano alichukua kifutio. Aliufuta mstari.
Fiu, fiu, fiu.

Tusekile hakulia. Alipatazama tu pale palipokuwa na mstari.

Hapa pazuri. Pale pazuri.
Lakini utapitaje?

Jumanne, baada ya shule, Tusekile alimshika mama mkono.

"Nataka kwenda kwa Bibi Subilaga," alisema.

"Kusema nini?"

"Sijui bado."

Walisubiri malori yapite. Wakavuka.

Bibi Subilaga alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa anamenya maharage mabichi.
Ta, ta, ta, yalianguka kwenye beseni.

"Hodi," alisema mama.

"Karibuni."

"Shikamoo, bibi," alisema Tusekile.

"Marahaba. Umekuja kuniomba shamba."

"Ndiyo, bibi."

"Jibu ni hapana," alisema Bibi Subilaga. "Lakini kaeni. Maharage ni mengi."

Wakakaa. Wakamenya.
Ta, ta, ta.

"Zamani watu walipita hapa," alisema Bibi Subilaga. "Walipita na baiskeli. Walipita na ng'ombe. Mvua ikinyesha, njia inajaa tope. Basi wanapita pembeni, juu ya maharage."

"Maharage yakafanyaje?"

"Yakafa. Mwaka ule tulikula ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi usiku."

Tusekile alifikiria ndizi hizo zote.

"Hiyo ilikuwa mbaya," alisema.

"Ilikuwa mbaya," alisema Bibi Subilaga.

Ta, ta, ta.

Kisha Tusekile akauliza, "Bibi, wewe ukienda uwanjani unapita wapi?"

Mkono wa Bibi Subilaga ulisimama.

"Siendi," alisema. "Daraja limeoza, na njia ya barabarani ni ndefu kwa miguu yangu. Mjukuu wangu Gwamaka anacheza mpira kule. Ni golikipa. Sijawahi kumwona akidaka."

"Mimi namwona," alisema Tusekile. "Nikiwa juu, kwenye bembea."

"Anadaka vizuri?"

Tusekile alifikiri. "Mara nyingine."

Bibi Subilaga alicheka kidogo. Aliweka beseni chini, akaichukua fimbo yake.

"Njoo," alisema.

Walizunguka shamba, Bibi Subilaga mbele, Tusekile nyuma, mama nyuma kabisa. Maharage yalikuwa mengi na ya kijani.

Ukingoni mwa shamba hapakuwa na maharage. Palikuwa na magugu na mawe tu.

"Hapa hulimi, bibi?"

"Jembe linagonga mawe. Nilishaacha."

Tusekile alipima kwa miguu yake. Kisigino, kidole. Kisigino, kidole. Kutoka kwenye maharage mpaka mwisho wa mawe ilikuwa miguu kumi na miwili.

Alimwita mama. Wakasimama bega kwa bega, wote watatu.

"Tunatosha," alisema Tusekile.

Bibi Subilaga alitazama maharage. Alitazama mawe. Alitazama mto kule chini.

"Njia ikipita hapa itazunguka," alisema. "Itakuwa ndefu."

"Mimi sichoki," alisema Tusekile.

"Mimi nachoka. Kwa hiyo pawepo benchi. Na upandwe ua, ng'ombe wasiingie kwenye maharage."

"Nitamwambia Bi Lugano," alisema Tusekile.

"Benchi kwanza," alisema Bibi Subilaga. "Usisahau."

Alhamisi Bi Lugano alikuja mwenyewe kuona. Alivaa viatu vyeupe. Alipofika bwawani vilikuwa vya rangi ya tope.

Hakulalamika. Alikaa juu ya jiwe, akaitandika karatasi magotini. Safari hii hakutumia penseli. Alitumia kalamu.

Mstari ulitoka kwenye bembea. Ulivuka barabara. Ulizunguka maharage, ukapita kando ya bwawa, ukavuka mto. Ulifika uwanjani umepindapinda.

"Haukunyooka," alisema Tusekile.

"Haukunyooka," alisema Bi Lugano. "Lakini unapita."

Ijumaa karatasi ilikwenda wilayani.

Kisha hakikutokea kitu.

Wiki zilipita. Mvua ilinyesha. Bembea zililoa.

"Mama, wameanza?"

"Bado."

Maharage yalivunwa. Mengine yakapandwa.

"Mama, wameanza?"

"Bado."

Kila Jumamosi Tusekile alipaa juu, akaiona fulana nyekundu. Alipunga mkono.

Hapa pazuri. Pale pazuri.
Lakini utapitaje?

Halafu, asubuhi moja, alisikia sauti.
Kwa, kwa, kwa.

Yalikuwa majembe. Watu wa Ilobelo walikuwa wanalima njia. Mama alichukua jembe. Tusekile alichukua ndoo ndogo ya kubebea mawe.

Fundi alitengeneza daraja. Lilikuwa la mbao nene, na lilikuwa na mbao za kushikilia pande zote mbili.
Ko, ko, ko.

Barabarani waliweka matuta mawili makubwa. Kati ya matuta walichora mistari myeupe ya kuvukia watu.

Lori la kwanza lilikuja.
Vuuum... vuum... vum.
Likasimama. Dereva alitoa kichwa dirishani, akaitazama mistari. Mbuzi alivuka. Kisha lori likaondoka.

Kandokando ya maharage walipanda ua. Miche ilikuwa mifupi bado. Ilimfika Tusekile magotini.

Kila kitu kilikuwa tayari. Benchi tu halikuwepo.

Bibi Subilaga alileta kiti chake. Alikiweka katikati ya njia, akakaa.

"Bibi, tunaomba kupita," walisema watu.

"Benchi kwanza," alisema Bibi Subilaga.

Alikaa mpaka jioni. Alimenya maharage beseni zima.

Kesho yake fundi alileta benchi kichwani. Aliliweka kando ya bwawa, akalitikisa. Halikucheza. Bibi Subilaga alilikalia, akajaribu upande huu, akajaribu upande ule.

"Sawa," alisema. "Piteni."

Jumamosi ikafika.

Mama alimvusha Tusekile barabara, kwenye mistari myeupe. Bibi Subilaga alikuwa anawasubiri, amevaa kitenge kipya.

"Twende," alisema.

"Nenda na bibi," alisema mama. "Mimi nitakuja jioni kuwachukua."

Wakaenda. Fimbo ilikwenda to, to, to. Miguu ya Tusekile ilikwenda tapa, tapa, tapa.

Walifika bwawani. Bibi Subilaga alikaa kwenye benchi.

Tusekile aliliona daraja. Ng'ambo ya daraja aliuona uwanja. Miguu yake ilitaka kukimbia. Alimtazama Bibi Subilaga, ambaye alikuwa anahema. Basi na yeye akakaa.

Bata walioga.
Chubwi, chubwi.

"Nimepumzika," alisema Bibi Subilaga baadaye. "Nipe mkono."

Wakavuka mto. Mbao hazikulia. Maji yalipita chini, baridi na ya kahawia.

Uwanja ulikuwa mkubwa kuliko unavyoonekana kutoka kwenye bembea. Ambokile alikuwa karibu na goli. Fulana yake haikuwa nyekundu tu. Mgongoni ilikuwa na tundu.

Ambokile aliacha kucheza.

"Umekujaje?" aliuliza.

"Kwa miguu," alisema Tusekile.

"Unakaa mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni."

"Basi njoo," alisema Ambokile. Wakakimbia.

Bibi Subilaga alisimama kando ya uwanja. Gwamaka alikuwa golini, na hakujua kwamba bibi yake amekuja.

Mpira wa kwanza ulimpita. Mpira wa pili ulimpita.

Kisha akageuka, akamwona bibi yake amesimama na fimbo. Alifuta mikono kwenye kaptula.

Mpira wa tatu ulikuja kwa nguvu. Gwamaka akaruka, akaudaka, akaanguka nao kwenye nyasi.

Bibi Subilaga alihamisha fimbo kwenye mkono wa kushoto, akamnyooshea mjukuu wake mkono wa kulia.

Jioni mama alikuja. Walirudi polepole, wote watatu. Ambokile aliwasindikiza mpaka darajani.

Nyumbani, mama alimwogesha Tusekile. Maji yalikuwa meusi. Walikula wali, na maharage ya Bibi Subilaga. Kisha mama alimfunika blanketi, kwa sababu Ilobelo kuna baridi.

"Mama," alisema Tusekile, "kesho Ambokile anakuja kwetu."

"Nani atamleta?"

"Atakuja mwenyewe mpaka barabarani. Mimi na wewe tutamsubiri pale, tumvushe."

Mama alifikiri kidogo.

"Basi nitachemsha viazi vingi," alisema.

Tusekile alitaka kusema kwamba Ambokile anapenda viazi vya kukaanga. Alifungua mdomo.

Lakini alikuwa ameshalala.