Gari la Kumbeba Baba

Wenzangu, mlio wazazi na mlio na wazazi, ninayotaka kuwaeleza sikuyasikia kwa watu wa mbali. Yametokea ubavuni mwangu. Nyumba yangu na ya Mzee Saa zinagawana ukuta mmoja wa matofali, na nikiwa kwenye cherehani yangu na dirisha liko wazi, namsikia hata akikohoa.

Tulimwita Mzee Saa kwa sababu kwa miaka arobaini alitengeneza saa. Mkewe alikuwa amefariki, na mwanawe wa pekee anaishi mji mkubwa, mwendo wa saa mbili na nusu kwa barabara. Basi mzee alibaki peke yake na vyumba vitatu. Chumba cha mbele kilikuwa karakana: meza chini ya dirisha, kibanio, lenzi ya kuvaa jichoni, na skrubu ndogo kama mbegu za mchicha zimepangwa kwenye vifuniko vya soda. Kila asubuhi akishafagia kizingiti chake alinigongea ukuta.

"Mama Sindano! Umeamka au umekufa?"

"Nimekufa, njoo unizike!"

Tunacheka, kila mtu anashika kazi yake. Ndivyo siku zetu zilivyokwenda, na sikuona sababu ya kuziogopa.

Kisha wakaja madaktari wa macho kwenye kituo chetu cha afya, wa siku moja tu. Nilimbembeleza mzee aende, akaenda akininung'unikia. Alirudi mchana na karatasi mkononi, hanung'uniki tena.

"Wamesema nini, Mzee?"

"Presha. Si ya damu, ya macho. Eti ndani ya jicho maji yamejaa, yanabana mshipa wa kuonea. Haiumi, haiwashi, inakula tu polepole. Wamenipa matone ya mwezi mmoja na barua ya hospitali kubwa."

"Uende lini?"

"Wamesema nisikawie."

Siku hiyohiyo alimpigia mwanawe. Simu yake huwa anaibonyeza vibaya inatoa sauti nje, hivyo nilisikia yote.

"Baba, usipande basi," alisema mwana. "Mgongo wako hauwezi basi. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Nipe muda kidogo nipate gari la kukufaa."

"Sawa, mwanangu. Nakusubiri."

Naomba msimhukumu haraka kijana huyo. Ni mpima ardhi, mtu wa kazi, mtulivu, na hakuna Jumapili iliyopita bila kumpigia baba yake. Tatizo lilikuwa pikapu yake ya kazini, ngumu kama kiti cha mahakamani. Mwaka uliotangulia alimpakia baba yake humo kwenda kwenye kumbukumbu ya marehemu mama. Mzee alianguka zamani akaumia uti wa mgongo, na njia nzima alijing'ata midomo asilalamike. Waliporudi alilala siku tatu hawezi kusimama. Mwana aliona, akalia, akaapa kwamba baba yake hatakanyaga tena gari lile. Tangu siku hiyo alianza kujinyima ili anunue gari la starehe hasa. Si yale ya wakubwa yenye bendera mbele, bali yale ya ngazi ya chini kabisa ya kifahari, ambayo mtu wa mshahara akifunga mkanda anaweza kuyafikia.

Hapo ndipo mkosi ulipoingilia, ndugu zangu, kwa mlango wa upendo.

Yaliyofuata huko mjini nilisimuliwa baadaye na mkewe, ambaye ni mwalimu. Magari yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa jeusi, limekaa chini kama paka anayevizia. Kwenye kona lilishika lami vizuri ajabu, lakini kila shimo lilikupa salamu kiunoni. La pili lilikuwa na nembo ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua, na vioo vya kubonyeza kila mahali, ila siti ya nyuma ilikuwa finyu, magoti yanagusa kidevu. La tatu halikuwa na jina kubwa. Lilikuwa pana, kimya ndani kama chumba cha mtihani, siti zake laini, na likipita kwenye tuta lilishuka taratibu kama mtu anayemlaza mtoto mchanga.

Siku ya kwanza kabisa ya kuyajaribu, mpima alishuka kwenye lile la tatu akamwambia mkewe, "Hili ndilo la baba."

Angelichukua siku ile, nisingekuwa na hadithi ya kuwaambia.

Lakini kazini wenzake walicheka. "Hilo ni gari la wastaafu, bwana! Ukisimama kwenye taa watakuuliza pensheni imetoka?" Mmoja alisifu jeusi, mwingine akaapa kwa ile nembo. Mpima akaingiwa na wasiwasi. Akayarudia yote matatu. Akachukua futi ya kupimia, maana kupima ndiyo kazi yake, akapima nafasi ya miguu, urefu wa mlango, kina cha buti. Akajaza daftari. Jioni akila, macho yako kwenye simu akitazama watu wa nchi za mbali wakibishana juu ya springi na matairi. Mkewe akimsemesha anajibiwa "mm".

"Baba watoto," alimwambia siku moja, "mwezi wa tatu huu. Barua ya mzee ilisema asikawie."

"Najua. Lakini nikikosea sasa, nitaishi na kosa hilo miaka kumi."

"Si ulisema unanunua kwa ajili yake? Yeye atakaa wapi?"

"Nyuma."

"Basi chukua lenye nyuma nzuri, twende tukamchukue."

Aliinamia simu yake. Alikuwa anasoma.

Na huku kwetu? Huku matone yalikwisha mwezi wa kwanza. Nilimwuliza mzee kwa nini hanunui mengine, akasema, "Ya nini? Kule hospitali watanipa yaliyo bora. Kijana anakuja." Jumapili zote simu iliita, na mazungumzo yalikuwa ni gari tu. Mzee aliyapenda. Nani mwingine alikuwa na maneno ya kumwambia? Alikaa kwenye kigoda, simu kwenye goti, akiuliza, "Na hilo la tatu, mlango wake wa nyuma unafunguka hadi wapi?" na mwana anaeleza dakika ishirini nzima. Kisha simu inakatika, na chumba kinarudi vile kilivyokuwa.

Mwana hakuwahi kuuliza, "Unaonaje, baba?" Na baba hakuwahi kusema.

Mwezi wa nne nilimwona anamimina chai pembeni ya kikombe. Mwezi wa tano aligonga nguzo yangu ya kuanikia nguo, nguzo iliyokuwa pale kabla sijahamia. Alicheka akasema imesogea. Kisha siku moja mchana nikamsikia anahema kwa hasira kule karakana. Nikaenda. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapapasa.

"Unatafuta nini, Mzee?"

"Skrubu. Imeruka."

Skrubu ilikuwa juu ya meza, palepale mbele ya saa aliyokuwa ameifungua, kidogo tu upande wa kulia. Niliiokota nikaiweka kwenye kiganja chake. Aliifunga ngumi juu yake.

Wiki ile alirudisha saa za watu zote bila kuzitengeneza. Mteja wa mwisho, mama mmoja mwenye saa ya ukutani ya urithi, alimsihi sana. Mzee alimwambia, "Mpelekee fundi mwingine, mama. Mimi nimepumzika." Baada ya hapo alifunga dirisha la karakana. Alishinda chumba cha nyuma na redio, na baadhi ya siku hata redio hakuifungua.

Nilimwendea. "Mzee, kesho tupande basi mimi na wewe. Nitakukalisha kwenye mito. Tutafika."

"Hapana, Mama Sindano. Kijana wangu amehangaika sana na hilo gari. Akija akute nimeondoka na basi, nitamvunja moyo."

"Basi nimpigie mimi nimweleze hali yako."

"Usithubutu." Hapo sauti yake ilikuwa kali. "Atachanganyikiwa atanunua lolote. Mwache achague vizuri."

Na mimi, ndugu zangu, nikanyamaza. Nilikuwa na namba ya simu, nilikuwa na nauli, nilikuwa na macho mazima mawili. Nilisema moyoni, mambo ya baba na mwana si yangu. Nikarudi kwenye cherehani nikashona sare za shule.

Huko mjini mpima alikata shauri mwezi wa sita. Alichagua lile la tatu. Lakini lililokuwepo dukani lilikuwa na siti za rangi ya maziwa, naye akaona zitachafuka upesi. Akaagiza la siti za kahawia. Miezi miwili mingine.

Alikuja siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Sikusikia hata muungurumo, nilishtukia tu limesimama nje. Lazima niseme kweli, lilikuwa gari la kupendeza, la kijivu kama wingu la mvua. Mpima alishuka na shati lililopigwa pasi, uso unang'aa, akasimama kando ya mlango wa nyuma akaufungua mpaka mwisho.

Mzee alitoka na koti lake la harusi na kofia. Alishuka kizingiti, akatembea moja kwa moja, akampita mwanawe, akalipita gari, akaelekea barabarani.

"Baba! Unakwenda wapi?"

Mzee akasimama. Akageuka kuelekea sauti, mkono mmoja mbele. "Liko wapi, mwanangu?"

"Liko hapa, baba. Liko mbele yako."

Mzee alinyoosha mkono mpaka vidole vikagusa bati. Akalipapasa taratibu, kama alivyokuwa akipapasa saa ya thamani kabla ya kuifungua. "Ehe," akasema. "Rangi gani?"

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Mpima alinitazama mimi. Nilitazama chini.

Nilikwenda nao. Nilikaa nyuma na mzee. Na gari lile, wallahi, lilikuwa vile mwana alivyolisifu. Mashimo tuliyapita kama hayapo. Mzee aliegemea, miguu kainyoosha, na kwa saa mbili na nusu hakushika mgongo hata mara moja. Mbele, mwana aliendesha akimtazama baba yake kwenye kioo.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, mpole. Alimpima mzee muda mrefu, kisha akasoma ile barua, akaitazama tarehe, akaitazama tena.

"Barua hii ina miezi minane," alisema. "Mlikuwa wapi?"

"Nilikuwa nanunua gari," alijibu mpima. Aliposikia maneno yale yakitoka kinywani mwake mwenyewe, alijishika kichwa.

"Jicho la kulia limekwenda," daktari akasema. "La kushoto limebaki na tundu dogo lenye ukungu, kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Tutalipasua tulinde kilichobaki. Kilichopotea hakirudi, samahani sana. Angekuja ndani ya mwezi ule, angekuwa anasoma gazeti sasa hivi."

"Mgongo wake," mpima alisema kwa sauti ya kitoto. "Niliogopa mgongo wake."

"Mngekodi teksi nzuri ya siku moja."

"Teksi," alirudia. "Sikuwahi hata kuifikiria."

Kwenye maegesho alikaa nyuma ya usukani bila kuwasha. Machozi yalimdondoka juu ya zile siti za kahawia. Mzee alinyoosha mkono kutoka nyuma, akakosa bega, akagusa kichwa.

"Usilie. Ni gari zuri. Umechagua vizuri."

Naamini hakuna tusi ambalo lingemuumiza zaidi.

Upasuaji ulifanyika, na lile tundu dogo lipo mpaka leo. Mzee amehamia kwa mwanawe, kwenye chumba kizuri chenye feni. Mchana mkwewe yuko shuleni na mwana yuko kwenye viwanja vya watu, na mzee hukaa peke yake mpaka wanaporudi. Mwana sasa hurudi mapema. Humtia matone kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi na jioni. Na kila Jumamosi humkalisha siti ya nyuma, kisha hutoka bila safari maalumu. Mwezi uliopita nilikwenda kuwatembelea, nikawa nao garini.

"Tumefika wapi?" mzee aliuliza.

"Kwenye duka la vioo, baba. Kuna mtu anapaka mlango rangi ya kijani, imemchuruzika mpaka kwenye kiatu."

"Hajaona?"

"Bado. Sasa ameona."

Mzee alicheka. Mbele yangu niliona mikono ya mpima kwenye usukani, imekaza kama ya mtu anayening'inia.

MAFUNZO

Sisemi gari zuri ni dhambi, wala kujinyima kwa ajili ya mzazi ni upuuzi. Mpima alilinganisha magari matatu, akapata lililo bora, na alikuwa sahihi. Kosa lake ni kwamba alipima kila kitu isipokuwa muda, na aliongea na baba yake kila wiki bila kumwuliza hali. Tuwaangalie wanaotusubiri kabla ya kuangalia tutakachowapelekea. Mgonjwa akiambiwa asikawie, mpeleke na chombo kilichopo, umwekee mto mgongoni.

Nanyi wazee wetu, msituonee huruma kwa kuficha maradhi. Semeni.

Na sisi majirani tunaosikia kila kitu kupitia ukuta kisha tukasema si letu, la mzee huyu lilikuwa letu. Lilikuwa langu. Ningepiga simu moja tu.