Njuga za Mguu wa Kushoto

Soko la Mutrah, huko Uarabuni, lilikuwa limefurika watu jioni ile, na katikati ya msongamano alikaa mwanamume mzima kwenye kiti cha mwenye duka, njuga mguuni, akitwanga sakafu kama mtoto aliyenyimwa peremende. Theodora, aliyebeba mifuko ya bi mkubwa wake, alisimama kumtazama. Alikuwa amevaa gauni la buluu na kilemba chekundu cha kitambaa laini. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia.

"Cheka tu, dada," mwanamume akasema kwa Kiswahili cha bara. "Hapa unatazama bendi nzima."

"Bendi nzima, na njuga zinakuvuka?"

Kweli, kamba ilikuwa imekatika. Theodora akaweka mifuko chini, akachana pindo la kilemba chake na kuzifunga upya juu ya kifundo. Hivyo ndivyo Fulgence wa Songea alivyofungwa, na wala hakutaka kufunguliwa.

Ulikuwa mwaka 2004. Fulgence alipiga gitaa kwenye mgahawa wa hoteli moja. Wenzake wa bendi walirudishwa nyumbani pale mwenye hoteli alipotaka mwanamuziki mmoja tu, basi akajitengenezea wenzake wengine. Mguu wa kulia ulikanyaga pedali iliyorusha rungu dogo kwenye sanduku la mbao, likalia kama ngoma. Wa kushoto ulitikisa njuga. Mikono ikabaki na gitaa.

Theodora alikuwa akilea watoto kwa Bi Shariffa na mumewe, Baba Hatem, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na ruhusa yake ya kutoka peke yake ilikuwa Ijumaa tu. Siku nyingine walipendana kwa simu. Fulgence alimpigia kabla ya wimbo wa kwanza, akaiacha simu sakafuni karibu na sanduku, naye Theodora akasikiliza huku akipiga pasi kanzu za mwenye nyumba.

"Mpenzi, mguu wako wa kushoto mvivu," alimtania. "Kila mara unachelewa."

"Umechoka kukufuata wewe."

"Mwongo! Nitamwambia baba asipokee posa mpaka uunyooshe."

"Mwambie asubiri Desemba. Nitakuja nikicheza."

Desemba ndiyo ilikuwa kila kitu kwao. Mikataba yao yote miwili ingemalizika mwezi huo, wangepanda ndege moja, na ndoa ingefungwa Kibosho kwa kina Theodora.

Jioni moja ya joto kali njuga hazikuchelewa. Zililia sawasawa na sanduku, wimbo baada ya wimbo, kisha kikasikika kicheko cha kike karibu kabisa na simu. Pasi ikasahauliwa juu ya kanzu hadi kitambaa kikaungua.

"Nani anapiga njuga?" Theodora aliuliza mara Fulgence aliposhika simu.

"Mimi, mama. Nani mwingine?"

"Fulgence, mguu wako naujua."

"Basi leo umejirekebisha."

"Njuga nilizofunga kwa kilemba changu umempa mwanamke achezee?"

"Dora, nisikilize..."

Hakusikiliza. Alikata simu, na kesho yake akabadilisha namba. Wivu ukishakaa kichwani haumwachii mtu nafasi ya kufikiri. Siku chache baadaye Bi Shariffa alimkuta jikoni, macho mekundu.

"Mwanangu, nna neno. Baba Hatem anataka kuifanya upya viza yako. Utabaki nasi miaka miwili tena, au ushakata shauri kwenda kwenu?"

"Nabaki, mama."

"Wallahi? Na yule bwana wako?"

"Sina bwana."

Hasira hasara. Viza ilitoka upesi, na Ijumaa iliyofuata, baada ya misa mtaani Ruwi, Raymond, mhudumu wa mgahawa ule, alimfuata nje ya kanisa.

"Dada, mpiga njuga nilikuwa mimi, nyuma ya pazia."

"Na kile kicheko?"

"Mgeni wa meza ya mbele. Fulgence aliniapisha nisiseme. Mguu wake umekufa ganzi, ni sukari. Alikanyaga msumari asihisi, kidonda kikaoza. Aliogopa hotelini wakijua watamrudisha kabla ya Desemba. Sasa wamejua. Anaondoka kesho."

Theodora alikimbilia Darsait, alikopanga Fulgence. Alimkuta kitandani, shati jeupe limepwaya mwilini, gitaa likiwa ndani ya mfuko wake, mguu wa kushoto umefungwa bandeji hadi kifundoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniacha nipige?"

"Miezi yote nilikuwa naucheka huo mguu! Kumbe unaumwa."

"Ulikuwa unanifurahisha." Akamshika mkono. "Twende, Dora. Tusingoje Desemba. Mwombe Bi Shariffa ruhusa."

Theodora alilia kwanza, ndipo akaweza kusema. "Viza yangu imeshafanywa upya. Miaka miwili. Niliwaambia sina bwana."

Fulgence hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Alitoa njuga chini ya mto, zikiwa bado na pindo jekundu, akamwekea kiganjani.

"Unaniacha?"

"Sikuachi. Nitunzie tu. Huko niendako sijui kama mguu wenyewe utabaki."

Haukubaki. Dar es Salaam waliukata chini ya goti.

Jioni moja, Theodora akiwa kwenye pasi, simu ililia. Hakuna aliyemsalimu. Alisikia sanduku likipigwa, kisha nafasi tupu, kisha sanduku tena. Aliijua nafasi ile. Akazima pasi, akatoa njuga kwenye begi lake, akazifunga mguu wake mwenyewe wa kushoto. Akaiweka simu sakafuni na kukanyaga.

Mlio ulikwenda mbali, ukafika baada ya sanduku kupita.

"Umechelewa," Fulgence alisema. Theodora hakujua kama anacheka au analia.

"Mguu wa kushoto huo, umeusahau?" Alijifuta machozi kwa ncha ya kilemba, akakanyaga tena. "Piga tu, mpenzi. Nakuja nyuma yako."