Mkwaruzo Kwenye Miwani ya Mama

Kila siku alipotoka shule, Mgeni alifungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, akapasha moto chakula alichoachiwa na mama yake, akala akiutazama ukuta. Jina hilo alipewa darasani siku aliyohamia. Muhula mzima ulikuwa umepita na bado aliitwa Mgeni. Hii ilikuwa shule yake ya nne, kwa kuwa mama yake alikuwa fundi wa silaha za leza, zile za mwanga mkali, jeshini, na jeshi likisema hama, watu hufunga mizigo.

Upweke ni mshauri mbaya. Siku moja wakati wa mapumziko, alipochoka kula mkate wake peke yake, Mgeni aliropoka: "Mama yangu ana mwanga unaokata ndege vipande viwili!"

Lo! Benchi lilijaa mara moja. Watoto ambao hawakuwahi hata kumsalimu walisukumana ili wakae karibu naye.

"Tuletee tuone," alisema mvulana mrefu waliyemwita Ngazi.

Silaha haiingii mkobani. Kwa hiyo Jumatano Mgeni alichukua miwani ya mama yake, ile nzito ya kijani ambayo fundi huvaa mwanga unapowashwa. Miwani ikazunguka mkono kwa mkono, ikaponyoka, ikaanguka kwenye kokoto. Kengele ikalia, wote wakatimua mbio. Mgeni alipoiokota aliona mkwaruzo mwembamba kama unywele kwenye kioo cha kulia. Aliifuta kwa sketi, akairudisha nyumbani kwenye kasha lake.

Jioni hiyo mama alisema, "Kesho asubuhi tunajaribu taa ya kiwi."

"Ndiyo ipi hiyo, mama?"

"Ile ya kumtia kiwi cha macho dereva asiyetaka kusimama kwenye kizuizi cha barabarani. Haiui mtu. Lakini ukiwa karibu mno, au mwanga ukigonga kioo cha gari ukarudi, jicho linaweza kupofuka. Mwanga haumjui mwenyewe."

"Na miwani yako?"

"Imekaguliwa juzi, haina neno. Ingekuwa na mkwaruzo hata mmoja, mwanga ungepenya."

Maneno yalimfika Mgeni kwenye meno yakarudi tumboni. Akisema, mama angeuliza miwani ilifuata nini shuleni. Uongo ungejulikana, na benchi lingebaki tupu tena. Alikwenda kulala bila kusema.

Alipoamka, mama alikuwa amekwishaondoka. Shuleni benchi lilijaa, lakini Mgeni hakusikia walichosema. Akilini alimwona mama yake akipapasa kuta za nyumba, akitafuta mlango. Aliinuka, akakimbilia kwa mwalimu wa darasa, na wenzake wakamfuata kwa umbea.

"Mwalimu, naomba simu! Mama yangu atapofuka, na kosa ni langu."

Mwalimu alipiga. Simu ililia muda mrefu, kisha akapokea askari wa zamu. "Fundi yuko uwanjani, haitwi."

"Mwambie asivae miwani yake!" Mgeni alilia. "Niliichukua bila ruhusa. Ina mkwaruzo!"

Walingoja. Hatimaye simu ikalia, na sauti ya mama ikasema, "Nipo, mwanangu. Hatujawasha. Ukungu umetukalisha tangu alfajiri."

Usiku huo mama aliiweka miwani mezani katikati yao. "Uliwaambia nini wenzako?"

Mgeni akasimulia yote.

"Kukata ndege!" Mama alicheka kidogo, bila furaha. "Ile silaha kubwa inataka umeme wa jenereta linalojaza lori zima, na lazima mwanga ukae mahali pamoja bila kutikisika. Vumbi likipita, mvua ikinyesha, sisi tunajikunyata kama kuku walionyeshewa." Kisha akaacha kucheka. "Ningeivaa miwani hii, mwanangu. Nisingeikagua tena."

Mgeni alilia. Mama akamvuta karibu.

"Najua nakuacha peke yako mno. Hilo ni kosa langu, na ninalikiri mbele yako. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yako iliishia kwenye macho yangu. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, hata kama utabaki peke yako. Usingoje ukungu ukuokoe."

Kesho yake Mgeni aliwaeleza wenzake ukweli wote.

"Silaha inayoogopa ukungu!" Ngazi alicheka hadi akashika mbavu. Mmoja baada ya mwingine wakaondoka. Mgeni akafungua mkate wake.

Msichana mmoja mpole alikuwa amebaki mwisho wa benchi, ameinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyeiangusha," alisema. "Niliogopa kusema."

Kisha akasogea karibu, akamwita kwa jina lake halisi, lile la kwenye daftari la mahudhurio, akamwomba radhi. Mgeni aliukata mkate katikati.