Jicho la Kushoto la Gwakisa

Katika Mbeya ya mwaka 2084, mtu akianguka barabarani hakuna anayeanza kwa kumuuliza jina. Simu kumi hutolewa mifukoni kwa pamoja, na itakayomfikia kwanza humulika macho yake. Taa huwaka na kuzimika mara tatu. Kamera hupima mboni, kile kiduara cheusi katikati ya jicho, imesinyaa kwa kasi gani ilipopata mwanga na imechukua muda gani kutanuka tena, kisha hulinganisha jicho la kulia na la kushoto. Damu ikivuja ndani ya fuvu, hukandamiza neva inayoendesha mboni, na mboni ya upande ule huanza kuchelewa. Uchelewaji wenyewe ni mdogo mno, binadamu hauoni. Simu inauona. Watu wanakiita chombo hicho pimamboni, na wanakiamini kuliko wanavyowaamini mashemeji zao.

Ikitoa kijani, jipanguse vumbi uendelee na shughuli zako. Njano, nenda zahanati. Nyekundu, ndani ya dakika nne inatua machela-ruka, kitanda chenye mapanga manne kinachombeba mgonjwa juu ya mapaa hadi hospitali kuu. Mji mzima una machela-ruka sita tu, kwa hiyo haziitwi kwa sababu mtu ana wasiwasi.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, aliyeanguka alikuwa Gwakisa, fundi wa vioo vya jua katika paa la soko la Mwanjelwa. Aliteleza kwenye ngazi, akafikia upande wa kushoto wa kichwa. Mama mmoja muuza nyanya akawahi na simu yake. Kijani.

"Umepona, baba!" akatangaza, kana kwamba yeye ndiye aliyemponya.

"Ipime na ngazi," alisema Gwakisa akiwa bado chini. "Yenyewe ndiyo iliyoanza."

Watu wakacheka, wakarudi kwenye biashara zao. Naye akarudi juu ya paa, maana hivyo ndivyo alivyokuwa.

Saa sita alitapika. Mkewe, Bupe, alimpeleka zahanati ya mtaa, kisha akampigia simu wifi yake, Atuganile, dada mkubwa wa Gwakisa. Atuganile alikuwa mhandisi wa viungo bandia, mwepesi wa kujisifu, na kusema kweli alikuwa na cha kujisifia. Alipofika alimkuta muuguzi, Bwana Mwakalinga, ndiyo kwanza anamaliza kupima tena.

"Kijani. Mara ya tatu sasa," alisema muuguzi. "Macho yanalingana tisini na saba kwa mia. Huko kutapika ni mshtuko. Nampa dawa ya kichwa akalale nyumbani."

"Mungu mkubwa," alisema Bupe, akashusha pumzi.

Atuganile hakushusha. Alikuwa anatazama uvimbe juu ya sikio la kushoto la mdogo wake. Jicho la kushoto la Gwakisa alilitengeneza yeye.

Miaka minane nyuma kipande cha chuma kilimtoboa Gwakisa jicho. Uchumba wake wa kwanza ukavunjika; upande wa pili walisema hawatoi binti kwa mtu mwenye jicho la kioo lisilocheza. Gwakisa alilia mbele ya dada yake siku moja tu, na siku ile ilimtosha Atuganile. Alijifungia karakana miezi saba, akatoka na jicho ambalo mboni yake husinyaa kwenye mwanga na kutanuka gizani. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa pimamboni. Alimvisha Gwakisa jicho lile, akammulika kwa simu kumi na mbili za aina mbalimbali, na zote zikatoa kijani. Walishangilia kama watoto, wakaapa siri ile isitoke kati yao. Mwaka mmoja baadaye Gwakisa akamwoa Bupe.

Sasa fikiria. Simu inasubiri mboni ya kushoto ichelewe, na mboni ya kushoto haina neva, haina damu, haijui lolote kuhusu ubongo wa mtu aliyeivaa. Lingeitikia mwanga jicho lile hata kama lingewekwa mezani kando ya kikombe cha chai.

"Iite machela-ruka," alisema Atuganile.

"Kwa kijani? Dada, nitawaambia nini wakubwa wangu?"

"Waambie chombo kinakosea. Mimi ni mhandisi."

"Kinakosea wapi?"

Atuganile akageuka. Bupe alikuwa palepale, ameushika mkono wa mumewe.

"Wifi, hebu katuletee maji."

"Maji haya hapa," alisema Bupe bila kuinuka.

Gwakisa akafumbua macho. Maneno yalimtoka yamelegea. "Dada. Tuliapa."

Ningependa kusema kwamba aliropoka yote papo hapo. Hakuropoka. Alitoka uani, akazunguka tangi la maji, akajiambia huenda ni mshtuko kweli, huenda muuguzi anajua kazi yake, huenda ndoa ya mdogo wake itavunjwa bure kwa sababu ya kichefuchefu. Alikaa huko dakika ishirini. Aliporudi, Gwakisa alikuwa anajaribu kupokea kikombe kwa mkono wa kulia, na vidole havikushika. Maji yakamwagikia shuka.

"Jicho la kushoto ni bandia," alisema Atuganile kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Nililitengeneza lidanganye simu."

Bwana Mwakalinga alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Akanawa mikono, akalitoa lile jicho kwa uangalifu, akaliweka kwenye kisahani cha chuma. Hakupima tena. Alibonyeza nyekundu kwa kidole chake mwenyewe. Bupe alikuwa ameinamisha kichwa.

Saa kumi jioni daktari wa upasuaji akatoka, barakoa ikining'inia shingoni.

"Damu tumeiondoa. Ataishi," alisema. "Lakini imekaa muda mrefu upande wa kushoto wa ubongo, upande unaotunza maneno na mkono wa kulia. Mkono tutaufanyia mazoezi. Maneno, mama zangu, siwezi kuahidi."

Walibaki wawili kwenye benchi. Atuganile alilia, na aibu ilimuuma kuliko huzuni.

"Nisamehe, wifi. Nimekuficha miaka sita."

"Hukunificha," alisema Bupe. "Nililijua wiki ya kwanza. Akikata vitunguu, jicho moja linaiva, la pili linabaki jeupe kama sahani."

"Ukanyamaza?"

"Alikuwa anafurahi kwamba sijui. Ningeanzaje?" Bupe alipangusa uso kwa ncha ya khanga. "Leo nimekiona kile kijani mara tatu. Kila mara nikajiambia, hawa wasomi hawawezi kuwa wamewasahau watu wenye jicho moja. Nilidhani simu inajua, wifi. Nilidhani mimi na simu tunajua."

Tangu mchana wanawake wawili waliompenda mtu yule walikuwa na neno moja la kumwokoa, na kila mmoja alilimeza ili kumlindia heshima yake.

"Macho ya namna hii umetengeneza mangapi?" Bupe aliuliza.

"Mia moja arobaini na mawili."

"Na wake zao? Waume zao? Wanajua?"

Atuganile akatoa simu yake.

"Wapigie," alisema Bupe. "Sasa hivi, mbele yangu."

Atuganile alifungua orodha, akaweka sauti juu ili Bupe asikie. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu wa Iyunga, mtu mchangamfu ambaye siku ya kuvishwa jicho lake alimkumbatia hadi miwani ikamtoka.

"Mwalimu, habari za jioni. Ni Atuganile wa karakana. Nina jambo la haraka kuhusu lile jicho."

Upande wa pili zilisikika sahani zikiandaliwa, kisha sauti ya mwanamke ikiuliza kwa upole, "Nani huyo, Baba Ipyana?"

"Samahani, dada," alisema mwalimu, kwa adabu kabisa. "Umekosea namba."