Picha: Mimi Mwenyewe

Jua lilikuwa linazama, naanua nepi kambani, simu mkono wa pili. Nina blogu ya akina mama, na siku ile nilikuwa nimemaliza makala ya kumlaza mtoto mchanga. Ilibaki picha tu.

"Usiweke maneno matupu, wifi," alisema dada wa mume wangu, tunayeishi naye. "Mpige picha Kibonge wetu hapo alipolala."

"Mwanangu simwaniki mtandaoni."

"Haya, anika wa watu."

Akacheka, akaingia jikoni.

Nikatafuta. Nyingine zina nembo katikati, nyingine zinauzwa. Nikaiambia programu ya akili mnemba initengenezee, ikaniletea mtoto wa vidole sita. Nilikuwa nakata tamaa ndipo nikaiona... mtoto amelala, ameipa kamera mgongo, shuka jeupe, mwanga wa jioni. Nzuri mno. Chini imeandikwa: *Tumia bure. Mtaje mwenyewe.*

Mwenyewe nani? Jina hakuna. Nikashuka hadi mwisho wa ukurasa, hakuna. Na giza linaingia, na nepi hazijaisha, basi nikaandika tu, kama watu wote wanavyoandika: *Picha: mimi mwenyewe.* Nikachapisha.

Ndani, Kibonge alikuwa ameamka, anabwabwaja peke yake.

Akanyamaza.

Simu ikatetemeka. Maoni mapya, hayana jina.

*Ukisema huyu ni wako, mlee. Nimechukua huyo mwingine.*

Nilitupa nepi chini, nikakimbia. Chumbani kulikuwa na harufu ya nguo zilizovunda majini. Mtoto amelala, amenipa mgongo. Shuka letu ni la maua...

Lilikuwa jeupe.

Nikamgeuza. Sura ya Kibonge, nywele za Kibonge, hata kovu la chanjo. Lakini alikuwa wa baridi, na alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mgeni aliyechelewa.

Nikaangalia simu. Kwenye picha mtoto amegeuka. Ni mwanangu. Mdomo wazi, analia, na picha haina sauti.

Nikafuta yale maneno, nikaandika: *Picha si yangu. Nisamehe, nirudishie.*

Jibu likaja hapo hapo.

*Nitaje.*

Nimejaribu majina, Mungu wangu, nimejaribu. Ya wapiga picha, ya marehemu wa ukoo, ya mashetani niliyosimuliwa utotoni. Kila nikikosea, mwanangu anasogea nyuma kidogo ndani ya picha. Kuifuta siwezi, ndipo alipo. Nikiihifadhi simuni, linabaki shuka tupu. Jana alikuwa mdogo kama punje ya mchele.

Mume wangu nilimwonyesha. Anasema anaona mtoto amelala tu, amegeuza mgongo.

"Umechoka, mama watoto," alininong'oneza. "Pumzika."

Wifi naye anafurahi. "Siku hizi Kibonge halii kabisa. Amekuwa na adabu kuliko baba yake."

Ninaandika haya huyu mtoto akiwa mapajani. Siku ya kwanza nilimnyima titi. Ya pili pia. Hakulia, alisubiri. Siku ya tatu kifua kiliniuma, nikampa, nikajiambia nitoe tu maumivu...

Sasa ananyonya mara sita kwa siku. Anaongezeka uzito, anaanza kuwa na joto.

Na maziwa yanatoka. Mwanangu yuko kule na mdomo wazi, na mwili wangu umeshamkubali huyu.