Nilitosha Yote

"Mzee, huu mzigo niliobeba, kazi yake uliimaliza?"

"Nilimaliza. Nilitosha yote, bwana."

Jemutai, mpelelezi wa silaha haramu, alisikia maneno hayo kwenye kifaa cha sikioni, kaskazini mwa Columbus, akiwa ndani ya Camry ya kijivu nyuma ya Ford Transit nyeupe. Nusura akanyage breki.

Mwulizaji alikuwa dereva wa ile Transit, Silas, Mkenya mwenzake, msafirishaji wa mitumba. Alicheka kwa raha. "Kama zimetosha, basi. Shukran, mzee."

Simu ikakatwa.

Mzee huyo ni Semahoro, fundi wa vyuma kule Beechmont, Louisville, mkimbizi kutoka milima ya Kivu Kusini. Silas alikuwa amempa bunduki ishirini na nne aina ya M1 Garand, za enzi ya vita vikuu vya pili. Risasi zake ndefu ni adimu huko zilikotakiwa, kwa hiyo fundi abadilishe mitutu ili zitumie risasi fupi za .308. Zingevuka Kanada ndani ya marobota ya nguo, kisha zifike milima ile ile ambako Semahoro aliwazika wanawe wawili.

Ndiyo maana mwezi uliopita mzee mwenyewe alimtafuta Jemutai, akamwita kwake. Mkewe, Nyiramahirwe, alimpokea mgeni mlangoni. "Tosha viatu, mwanangu." Jemutai akajibu kwamba vinamtosha sana, asante, akapita navyo hadi kwenye zulia. Hakuna aliyemsahihisha. Akaletewa maziwa, akanywa glasi mbili.

"Bon, ile bunduki nitaharibisha," Semahoro alimwambia. "Lakini sitadanganya mutu. Mimi niko mukristo. Ata mwizi sitamudanganya."

Na leo, bunduki zote zimetosha! Risasi zimekaa mahali pake, mtu apige tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Jemutai aliuma meno hadi taya likamuuma.

"Kipkoech."

"Nakupata," alijibu mwenzake aliyebaki Louisville.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Mzee ametuchezea?"

"Mshike."

"Una uhakika? Huyu mzee hata alituombea—"

"Mshike, Kipkoech!"

Alikuwa amekaribia Cleveland redio ilipoita tena.

"Tuko naye. Yuko na pingu. Hajabishana. Anauliza tu kama wewe umefika salama."

Mnafiki mkubwa, aliwaza Jemutai, akazima redio.

Buffalo iliwapokea kwa theluji. Saa tisa alasiri Transit ikaingia Kenmore, ikarudi kinyumenyume kwenye gereji moja ya matofali. Lori lenye namba za Kanada lilikuwa linangoja, halina dereva. Kutoka hapo hadi daraja la kuvukia Kanada ni robo saa.

"Kikosi, mko wapi?"

"Tumekwama. Barabara imefungwa. Tupe nusu saa."

Nusu saa! Ndani ya nusu saa Silas angekuwa ng'ambo, na bunduki nzima ishirini na nne.

Jemutai akachomoa bastola yake, Glock 19, akaingia.

"Silas! Mikono juu!"

Silas aligeuka polepole. Robota moja lilikuwa wazi miguuni pake, na Garand ilikuwa mkononi, imeshashindiliwa risasi. Alikuwa anataka kuikagua.

"Aisee, dada. Kumbe ni wewe umenifuata tangu Columbus?"

Jemutai akapiga hatua. Sakafu ilikuwa barafu tupu. Akaenda chini kwa kishindo, Glock ikateleza hadi chini ya Transit.

Lo!

Mtutu ukamwelekea kifuani. Aliogopa, tena sana, na hasira juu ya yule mzee ikampanda upya.

"Pole, dada."

Ka!

Risasi haikutoka.

Silas akaikoki upya, akafyatua. Ka!

Ya tatu hakuipata. Teke la Jemutai lilimvunja goti, kitako cha bunduki kikamgonga kidevu, na pingu zikafuata.

Jemutai aliifungua ile Garand. Ndani, pini ya chuma inayogonga risasi haikuwemo. Akafungua ya pili. Haimo. Ya tatu. Haimo.

"Alisema zimetosha!" Silas alilia sakafuni. "Mzee mwongo!"

Zimetosha? Hapana. Mzee alisema *nilitosha*.

Tosha viatu, mwanangu.

Jemutai akafumba macho. Aibu ilimchoma hadi masikioni.

"Si mwongo," alisema. "Alikwambia ukweli mtupu. Wewe na mimi ndio hatujui Kiswahili."

Aliokota Glock yake, akatoka nje, akafunga zipu ya koti taratibu. Ving'ora vilianza kusikika mbali.

"Kipkoech. Mtoshe mzee pingu."

"Zimtoshe? Zinamtosha vizuri tu."

"Mfungue, wewe! Alitoa pini zote. Kwao kutosha ni kutoa."

"Yesu wangu. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu, nakuja mwenyewe. Mpeleke nyumbani." Jemutai akafungua mlango wa Camry. "Na mama Nyiramahirwe mwambie safari hii nitatosha viatu."